Hesabu ya Boriti



Tumetakiwa tuseme machache juu ya hesabu ya boriti, nasi twakubali, kwani nyumba nyingi za Mji wa Kale dari zake zimechoka.

Vyumba vya kale vya Mombasa ni vyembamba kwa sababu ya mti: mkoko wa Lamu ndio uliompimia mwashi upana. Chumba cha upana wa futi 8 chataka boriti ya futi 9 na nusu, maana kila ncha yafaa ilale ukutani inchi 9. Fundi apimaye uwazi peke yake hununua kuni.

Urefu ukiwa futi 18, boriti moja kila futi, pamoja na ile ya mwanzo, ni 19. Korija ni 20. Iliyozidi si hasara, haikosi mmoja uliopinda.

Mikoko ilipigwa marufuku kuuzwa nje mwaka 1982, na hapa kwetu kuikata kwataka kibali. Si mali ya kuchezea. Basi na tupime kila chumba kwa kamba, mwanzo, kati na mwisho, kwani kuta za matumbawe hazikunyooka. Boriti iliyopungua shibiri haiungwi, na chini ya dari hulala watoto.