Gia za Mashine ya Boti: Mazungumzo Mbele ya Wanachama



Tumeombwa kueleza habari ya mashine ya boti tuliyoitengeneza Kipungani tulipokuwa likizoni. Najua wako watakaocheka: watu wa reli wana habari gani na boti? Lakini wengi wenu mmetoka pwani na visiwani, na sehemu ya mishahara yenu imekwisha kununua mashine kama hii. Basi sikilizeni.

Kipungani ni kijiji cha upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Lamu, mashuhuri kwa kusuka mikeka. Kwenda mjini kwa maji hupita kati ya kisiwa na bara, mikoko huku na huku, mpaka Matondoni, kisha huzunguka. Maji yakipwa, mafungu ya mchanga hutokea. Usiku mmoja boti ya jamaa za mwenzetu ilikuwa imempakia mtoto mwenye homa kali. Nahodha akatia gia ya nyuma ili akwepe mti, na gia ikagoma kutoka. Mkondo ukawabeba hata fungu likawashika, wakakaa pale mpaka maji yakajaa tena. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini mama yake aliapa hatapanda boti ile tena. Na boti hiyo ilinunuliwa kwa mkopo. Nyumba nne zilikuwa zikiitegemea kulipa.

Fundi mmoja alikuwa amekwisha sema mguu mzima wa mashine ubadilishwe. Bei aliyotaja ilikaribia bei ya mashine nyingine. Ndipo sisi tukajitia.

Kwanza tuwaeleze kazi ya gia zenyewe. Ole Evinrude alipoanza kuuza mashine zake huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, hazikuwa na gia za kubadili: mashine ikiwaka, boti inakwenda. Mashine za sasa zina shafti inayoshuka toka juu, na chini yake gia ndogo inayozungusha gia mbili kubwa, moja ya mbele na moja ya nyuma. Hizo mbili huzunguka daima, kila moja kwa upande wake, bila kuigusa rafadha. Kati yao kuna kipande chenye meno kilichovaa shafti ya rafadha. Ukisukuma mkono wa gia, kipande kile huteleza na meno yake huuma gia moja. Kikikaa katikati hakiumi kitu. Hiyo ndiyo fri. Hakuna jambo jingine la siri mle ndani.

Boti hii ilikuwa na usukani mbele, na mkono wa gia ulivuta waya mrefu mpaka tezini. Tulizima mashine, tukachomoa nyaya za plagi ili isije ikawaka na kukata mtu vidole. Mmoja akashika mkono wa gia, mwingine akazungusha rafadha polepole, maana mashine ikiwa imezimwa meno hayaingii mpaka rafadha igeuzwe kidogo. Mkono ukawa mzito kama swichi ya reli isiyotiwa grisi. Tukaufungua waya kule kwenye mashine, tukasukuma mtaimbo wa gia kwa mkono mtupu. Ulikwenda kwa wepesi, mbele, fri, nyuma. Basi ugonjwa ulikuwa katika waya: chumvi ilikuwa imeingia ndani na kutu imevimba. Tukatia waya mpya, tukaupima urefu wake ili mkono ukiwa fri na mashine nayo iwe fri.

Hapo tulijisifu sana. Usiku tukala samaki wa kupaka kama mabwana arusi. Asubuhi tukatoka majini, na kila tulipoongeza mafuta gia ya mbele iliruka, ko! ko! ko!, boti ikasita. Mzee nahodha akatuambia, “Wanangu, nyinyi mmezoea chombo kisichozama.” Tukanyamaza.

Tulifikiri labda ni rafadha, kwa kuwa katika rafadha nyingi mna mpira ndani, na mpira ukilegea mashine hunguruma na boti haiendi. Tukapiga mstari wa rangi toka katikati ya rafadha mpaka sehemu ya nje, tukaenda mwendo, tukatazama. Mstari haukukatika. Mpira mzima.

Ndipo tukafungua skrubu ya chini ya mguu, kisha ya juu. Oili iliyotoka ilikuwa nyeupe kama tui: maji yameingia. Nayo ilikuwa na chembe za chuma zinazong’aa. Tulipofungua mguu tuliyakuta meno ya kile kipande yamekuwa mviringo, na ya gia ya mbele vilevile. Waya mbovu haukuwa ukiyafikisha mwisho, yakawa yanauma nusu na kusagana. Na nahodha naye, kwa huruma yake, alikuwa akiingiza gia polepole. Huruma hiyo ndiyo inayoua. Punguza moto wa mashine mpaka chini kabisa, kisha sukuma mara moja, kwa nguvu.

Tulipata vipande katika mashine iliyokufa, ya namna ileile na nguvu ileile. Tulibadili kipande cha kati na gia ya mbele pamoja, kwani chuma kilicholika hukila kipya. Pete nyembamba za nyuma ya gia tulizitunga katika uzi kwa mpango wake, zirudi zilipotoka. Tukatia sili mpya na washa mpya. Oili ya gia hutiwa kwa tundu la chini mpaka itokee la juu. Ufunge la juu kwanza, halafu la chini, la sivyo upepo unabaki ndani.

Gharama yote haikufika robo ya ile aliyotaja fundi. Yule mama amepanda boti mara mbili sasa, ingawa hukaa karibu na nahodha na macho yake hayauachi mkono wa gia.

Waya wa zamani tumekuja nao, uko hapa mezani. Anayetaka na aje auvute mwenyewe.