Je, Ni Lazima Kizazi Kitolewe?

Leo tunazungumza na akina mama walioambiwa wana faibroidi, yaani vivimbe vinavyoota kwenye kizazi, na wanaojiuliza kama ni lazima kizazi kitolewe.

Kwanza, usiogope. Faibroidi si saratani, na ni nadra sana uvimbe unaodhaniwa kuwa faibroidi kugunduliwa kuwa saratani. Akina mama wengi wanavyo vivimbe hivi bila kujua. Visipokusumbua, huenda usihitaji matibabu. Hedhi inapokoma kabisa, kwa kawaida husinyaa.

Lakini wapo wanaoteseka. Pedi inalowa kwa saa moja au mbili, damu inatoka mabonge, na mama anapungukiwa na damu hadi anashikwa na kizunguzungu. Mama huyu asingoje. Aende hospitali apimwe kiasi cha damu na kupigwa picha ya altrasaundi.

Tuchukue mfano wa akina mama wawili. Wa kwanza ana miaka 32 na bado anataka mtoto. Anaweza kupewa vidonge vya kupunguza damu wakati wa hedhi, pamoja na vya kuongeza madini ya chuma. Dawa zisipotosha, upo upasuaji wa kutoa vivimbe peke yake. Kizazi hubaki, na anaweza kushika mimba. Ajue tu kwamba vivimbe vinaweza kuota tena, na huenda akashauriwa kujifungua kwa upasuaji.

Wa pili ana miaka 46 na watoto wanamtosha. Yeye anaweza kujaribu koili yenye homoni, ambayo hupunguza damu na pia huzuia mimba. Kama amejaribu dawa bila nafuu, kutolewa kizazi kunaweza kuwa jibu jema. Hedhi hukoma, na hatashika mimba tena. Ni upasuaji mkubwa, na kupona huchukua wiki 6 hivi. Uanamke hauondoki, na akishapona tendo la ndoa huendelea.

Kwa hivyo mama, kabla ya kutia sahihi, muulize daktari: Je, kuna njia nyingine inayonifaa? Nikingoja, kuna hatari gani? Je, ovari zangu zitaachwa? Zikitolewa pamoja na kizazi, dalili za kukoma hedhi huja ghafla. Zungumza na mumeo au dada yako, lakini kumbuka mwili ni wako na uamuzi ni wako.

Na wewe ambaye hedhi ilishakoma, ukiona damu tena, hata tone moja, usiseme ni faibroidi. Nenda ukapimwe upesi.

Kuuliza si ujinga. Hadi kipindi kijacho, nakutakia afya njema. Kwaheri.