Kijiji cha Mwamgongo na Maporomoko ya Kakombe



Mtu wa Bujumbura aghalabu huzijua pwani za ziwa lake zilizo karibu tu. Lakini akishuka kusini, akazipita Rumonge na Nyanza-Lac, akavuka mpaka wa Tanzania, hufika Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya maji na milima. Usiku taa za wavuvi huwaka ziwani mfano wa mji mwingine. Mchana dagaa, ambao huku kwetu huitwa ndagala, huanikwa juani.

Kusini ya kijiji huanza msitu wa Gombe, uliohifadhiwa tangu mwaka wa 1943 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1968. Humo mna bonde la Kakombe, lenye miti mirefu, na ndani yake maji huporomoka kutoka jabalini. Sokwe wameonekana wakifika mbele ya maporomoko, wakijitikisa, wakibembea na kurusha mawe, kisha wakiketi kuyatazama maji. Sababu yake hajui mtu; ila asemaye kuwa mnyama hana moyo na afikiri tena.

Aliyeyaandika hayo ni Jane Goodall, aliyefika Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, na akafariki mwaka wa 2025. Serikali ya wakati ule haikumruhusu kukaa peke yake porini. Ikampasa afuatane na mama yake, na shauri hilo lilikuwa jema. Mama huyo alifungua kibanda cha dawa kwa ajili ya wavuvi, na hapo ndipo wenyeji walipoanza kuwaamini.

Ama milima iliyo nje ya hifadhi, kufikia miaka ya 1990 ilikwisha kuvuliwa nguo yake. Watu walizidi, wakiwamo wakimbizi wa Burundi na Kongo. Kuni zikatakiwa, mashamba ya mihogo na michikichi yakapanda miteremko mikali, na mvua ikawa yateremsha udongo ziwani. Si haki kumlaumu mwenye njaa, na walao mawese mjini nao wana fungu lao.

Mwaka wa 1994 ulianzishwa mpango wa TACARE. Wenyeji waliulizwa kwanza haja zao, nao wakataja afya, elimu na maji kabla ya miti. Baadaye vijiji vikatenga misitu yao wenyewe. Na mahali visiki vilipoachwa vipumzike, vilichipua bila kupandwa na mtu.