Kukumbuka, Kushukuru, Kuhudumu: Deni Letu Watu wa Mwambao

Mada iliyotolewa Ujiji, katika mwezi wa kuwaombea marehemu, kwa makatekista, viongozi wa jumuiya ndogondogo na wajumbe wa tume za haki na amani za parokia

Tumekusanyika katika mwezi wa Novemba, ambamo Mama Kanisa hutualika kuwaombea waamini marehemu wote. Siku hizi jumuiya zetu nyingi zimekwenda makaburini. Zimefyeka majani, zimesimika upya misalaba iliyolala, zimewasha mishumaa na kusali Rozari. Ni desturi njema, nasi twawapongeza. Hata hivyo, yafaa tujiulize swali moja: tukishatoka makaburini na kufunga lango, kumbukumbu yetu huenda wapi? Je, inabaki pale pamoja na mishumaa, au inatufuata nyumbani, sokoni, mwaloni na katika vikao vyetu vya parokia?

Swali hili ni la haki na amani, wala si la ibada peke yake. Tutalitafakari kwa hatua tatu: kukumbuka, kushukuru na kuhudumu.

1. Kukumbuka kwa ukweli

Tuanzie hapa tulipo. Wageni wengi hufika Ujiji kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Hupiga picha, husoma maandishi ya mnara, kisha huondoka. Wachache huuliza habari za watu waliopita hapa bila kuandikwa popote. Watu hao walivushwa ziwa kutoka upande wa Kongo wakiwa mateka, wakapangwa katika misafara, na wakatembezwa hadi Tabora na kuendelea mpaka pwani ya Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Wengine hawakufika. Hakuna daftari lililoandika majina yao, wala kaburi tunaloweza kulifyeka.

Mwezi Januari 1879 walifika hapa Ujiji wamisionari wa kwanza Wakatoliki, wana wa Kardinali Lavigerie, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Walikuwa wametoka Bagamoyo mwaka uliotangulia. Mkuu wa msafara wao, Padre Pascal, alifia njiani mwaka huohuo wa 1878. Baadhi yao waliendelea kwa mitumbwi kuelekea kaskazini hadi Rumonge, katika nchi ya Burundi. Huko, tarehe 4 Mei 1881, waliuawa Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop. Majina hayo tunayo kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuyaandika. Lakini nani kati yetu ajuaye jina la mpagazi mmoja tu, aliyebeba kichwani vyombo vya altare kutoka pwani hadi ziwani? Naye alikuwa na mama yake. Naye ana sehemu yake katika Misa ya kwanza iliyoadhimishwa katika mwambao huu.

Basi hili la kwanza tulishike: tusiridhike na majina yaliyoandikwa tu. Mungu anawajua na wale ambao daftari halikuwajua.

La pili ni hili: kumbukumbu isiwe jiwe la kumpigia jirani. Hapa Ujiji tunaishi pamoja na ndugu zetu Waislamu, na mara nyingine husikika maneno ya kuwatwisha wao peke yao dhambi yote ya biashara ya utumwa. Ukweli ni kwamba biashara ile ilikuwa na mikono mingi. Walikuwapo watemi waliouza mateka wao, wafanyabiashara wa pwani walioongoza misafara, na wanunuzi wa mbali walioitamani pembe ya ndovu. Pembe iliyotoka bara iligeuzwa vibonye vya vinanda na vifaa vya michezo katika nyumba za Ulaya na Marekani, ambazo nyingi zilikuwa nyumba za Wakristo. Hivyo hakuna mwenye mikono safi kiasi cha kumnyoshea mwingine kidole. Anayekumbuka kwa ukweli huanza kwa kusema, “Nimekosa mimi,” kama tusemavyo mwanzoni mwa kila Misa.

2. Kushukuru ni kulipa

Tuwaleteeni sasa mfano wa mtu mmoja wa mwambao huuhuu, upande wa kusini, huko Karema. Ni Adriano Atiman.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo huitwa Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Huko Algeria Mapadre Weupe walitoa fedha wakamkomboa. Walimsomesha, akabatizwa, kisha akapelekwa Malta kusomea utabibu, kwa kuwa Kardinali Lavigerie alitaka wawepo Waafrika watakaokuwa matabibu na makatekista kwa pamoja. Mwaka 1889 alifika Karema, kituo ambacho Wabelgiji walikuwa wamewakabidhi wamisionari miaka minne kabla. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Yosefu akawa padre. Atiman aliwatibu watu wa Karema na kuwafundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956.

Hebu tuhesabu: tangu 1889 hadi 1956 ni miaka 67. Alikuwapo wakati wa utawala wa Wajerumani, akauona ukiondoka, wakaja Waingereza, naye yupo palepale na dawa zake. Hospitali ya Sumbawanga inayoitwa kwa jina lake inatukumbusha habari hiyo hata leo.

Sasa tujiulize: mtu huyu alimlipa nani deni lake? Waliotoa fedha za kumkomboa walikuwa mbali, kule Kaskazini, na wengi wao walikufa zamani. Hakuweza kurudi kuwarudishia. Basi alilipa kwa mtu mwingine: kwa mama wa Karema aliyeshindwa kujifungua, kwa mvuvi mwenye donda, kwa mtoto mwenye homa. Wema aliotendewa na watu asioweza kuwalipa, aliwatendea watu wasioweza kumlipa. Hii ndiyo maana ya shukrani ya Kikristo. Neno Ekaristi, kwa asili yake ya Kigiriki, lina maana ya shukrani. Na Bwana wetu usiku ule wa karamu ya mwisho, alipotuachia sadaka hiyo ya shukrani, alijifunga kitambaa pia akawaosha mitume miguu. Hakutenganisha mambo hayo mawili, nasi hatuna ruhusa ya kuyatenganisha.

Tukumbuke kwa ukweli jambo jingine katika habari hii. Mtoto Atiman alikombolewa, lakini hakurudishwa kwa mama yake. Njia yake ilipangwa na watu wengine, kama ilivyokuwa kwa watoto wengi waliokombolewa nyakati zile. Tukilisema hili hatuwadharau waliomkomboa; twajionya sisi wenyewe. Mtu anayetenda wema ana kishawishi cha kumshika aliyemtendea. Wahenga walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke, nasi huitumia methali hiyo haraka sana dhidi ya maskini. Lakini anayemkumbusha mwenzake kila siku wema aliomtendea amemfunga mnyororo mpya badala ya ule wa zamani. Shukrani haidaiwi. Wakoma kumi waliponywa, akarudi mmoja, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Yesu alisikitika kwa ajili ya wale tisa, lakini hatusomi kwamba aliwarudishia ukoma wao.

3. Kuhudumu kwa haki

Hapa ndipo tunapofika nyumbani kwetu. Tutaje madeni mawili yaliyo mlangoni mwetu.

Deni la kwanza ni la makatekista. Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa kwenye jubilei ya parokia moja, ambayo hatutaitaja. Kulikuwa na turubai, kwaya tatu, ng'ombe wawili na ratiba ndefu. Walishukuriwa wageni rasmi, wafadhili, kamati ya chakula na kamati ya mapambo. Nyuma kabisa, nje ya turubai, aliketi mzee mmoja juu ya jiwe, ameshika kofia yake. Tulipouliza tuliambiwa kwamba ndiye aliyekuwa akitembea kwa miguu miaka thelathini kwenda vigangoni, akiwafundisha wakatekumeni, akiwazika wafu mahali padre asipoweza kufika. Hakutajwa. Hakuna aliyekusudia kumdharau, alisahauliwa tu. Nasi mapadre hatukuwa watazamaji, kwa maana sisi ndio tulioketi meza kuu, na sisi ndio tuliopitisha ratiba ile. Tulipomwendea baada ya chakula kumwomba radhi, alituambia kwa upole, “Msijali, Baba. Mimi niliwabatiza hao wanaoimba.” Maneno hayo yalituuma kuliko kama angetukemea.

Wazee husema, usisahau ubaharia kwa unahodha. Parokia zetu zimekuwa manahodha. Mabaharia wake wengi wamezeeka katika nyumba zinazovuja. Tusidhani kuwasaidia ni hisani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 231, inasema wazi kwamba walei waliojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa wana haki ya kupata malipo ya kufaa, yanayowawezesha kujitunza wenyewe na familia zao. Hili ni suala la haki. Parokia inayonunua kinanda kipya huku haijui katekista wake atakula nini akiugua, inamwimbia Mungu kwa fedha ya mtu mwingine.

Deni la pili ni la mgeni. Mwambao huu umewapokea watu tangu zamani. Hapa Ujiji tu wamo Waha, Wamanyema, Wabwari, Wabembe na watu wa pwani. Wengi wetu, tukihesabu vizazi vichache nyuma, tutamkuta babu aliyeshuka kutoka mtumbwini bila kitu. Kisha wakaja wakimbizi: Warundi mwaka 1972 na tena 1993, Wakongo mwaka 1996, na Warundi tena mwaka 2015. Mnakumbuka mwezi Mei wa mwaka huo wa 2015, jinsi makumi ya maelfu walivyojaa katika ufuko mwembamba wa Kagunga, mlima nyuma yao na ziwa mbele yao, kipindupindu katikati yao. Meli yetu ya Liemba, ambayo Wajerumani waliiunganisha hapa Kigoma kwa ajili ya vita, safari hii ilikwenda na kurudi ikiwaokoa watu waliokimbia. Wapo kati yenu mliotoa uji, maji na nguo. Mungu hajasahau.

Lakini miaka ikapita na maneno yakabadilika. Tulianza kusikia, hata kutoka midomo ya wanajumuiya, kwamba wageni hawa wamemaliza kuni, wameleta ujambazi, hawana shukrani. Hatusemi kwamba hakuna matatizo. Misitu imekatwa, mashamba yameleta ugomvi, na mhalifu yeyote, awe mwenyeji au mgeni, ashughulikiwe kwa sheria. Lakini kumhukumu mtu kwa kabila lake au kwa nchi aliyoikimbia si sheria, ni dhambi. Mungu aliwaamuru Waisraeli wampende mgeni kwa sababu wao pia walikuwa wageni katika Misri. Angalieni sababu aliyowapa: kumbukumbu yao wenyewe. Anayesahau mtumbwi uliomleta babu yake ndiye wa kwanza kuusukuma mtumbwi wa mwenzake urudi majini.

4. Tufanye nini?

Ndugu wapendwa, tusitoke hapa na machozi tu. Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila jumuiya iwe na daftari la kumbukumbu. Yaandikwe humo majina ya marehemu wake, na hasa ya wale wadogo: mwenye nyumba aliyetoa uwanja wa kusalia, mama aliyefua nguo za altare, mvuvi aliyewavusha mapadre bila nauli. Wazee waulizwe sasa, kwa kuwa kila mzee anayezikwa huondoka na kurasa zake.

Pili, halmashauri ya parokia iwatambue makatekista wazee na wajane wa makatekista, na iweke fungu lao katika bajeti ya mwaka, lisomwe hadharani kama mafungu mengine. Wasingoje mchango wa huruma mpaka mtu awe mahututi.

Tatu, tume ya haki na amani ya kila parokia ikae pamoja na wazee wa Kiislamu, walau mara moja kwa mwaka, tusafishe pamoja njia za makaburi na kusimuliana historia yetu bila kuogopana.

Nne, mgeni anayesali kati yetu aulizwe jina lake, apewe zamu ya kusoma somo na ya kuhudumu. Asiwe mpokeaji tu siku zote, kwa sababu kumnyima mtu nafasi ya kuhudumu ni kumnyima heshima.

Usiku, tukisimama kilimani, tunaziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Mmoja mmoja zinaonekana ndogo sana, lakini kwa taa hizo mji mzima hula. Ndivyo walivyokuwa hao tuliowaombea juma hili. Kila mmoja aliangaza mahali pake. Zamu yao imekwisha; sasa ni zamu yetu.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, nasi utupe moyo wa kulipa deni letu. Amina.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni nani wa kwanza kuleta imani katika kitongoji chetu? Je, tunajua kaburi lake, na familia yake inaishije leo?

2. Katika sherehe yetu ya mwisho ya parokia, nani hakutajwa?

3. Ni wema gani tuliotendewa ambao hatuwezi kumlipa aliyetutendea? Tumlipe nani badala yake?

4. Je, wapo kati yetu wanaoitwa wageni ingawa wamesali nasi kwa miaka mingi? Tutabadili nini kabla ya Noeli?