Mama Janet Mondlane, Mlezi wa Shule ya Kurasini

(Hotuba iliyotolewa katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Jubilei ni wakati wa kusoma majina. Husomwa majina ya wamisionari, wachungaji na wenyeviti wa kamati. Majina ya wake zao husomwa kwa nadra, ingawa wao ndio waliopokea wageni na kulea yatima. Ilivyo katika sharika, ndivyo ilivyo katika historia ya mataifa. Yafaa leo kumkumbuka mama mmoja aliyefanya kazi kubwa katika nchi hii.

Eduardo Mondlane, Rais wa kwanza wa FRELIMO, anajulikana. Mkewe, Janet, hutajwa kwa mstari mmoja tu. Alizaliwa Marekani mwaka 1934. Mwaka 1951, akiwa binti wa miaka 17, alimsikia Mondlane akizungumza juu ya Afrika katika kambi ya Kikristo huko Wisconsin. Ndoa ya mzungu na Mwafrika haikuwa jambo jepesi katika Marekani ya siku zile. Hata hivyo walioana mwaka 1956.

Mwaka 1963 walihamia Dar es Salaam, naye Janet akakabidhiwa uongozi wa Taasisi ya Msumbiji, Kurasini. Hapo vijana waliokimbia utawala wa Wareno walipata bweni, chakula na masomo. Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na wakimbizi wakamiminika mikoa ya kusini. Mwaka huohuo Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianzisha huduma ya wakimbizi iitwayo TCRS.

Fedha za kwanza za Taasisi zilitoka Ford Foundation ya Marekani. Ureno ilipolalamika, mlango ule ukafungwa. Janet hakukunja mikono. Alibisha hodi katika nchi za Ulaya ya Kaskazini, na kuanzia mwaka 1965 Serikali ya Sweden ikaisaidia Taasisi. Miongoni mwa waliofanya kazi chini yake alikuwamo Josina Muthemba, aliyekuja kuolewa na Samora Machel.

Majaribu hayakukosekana. Mwaka 1968 ugomvi ulizuka shuleni, walimu wazungu wakanyoshewa vidole, na shule ikafungwa. Kisha, tarehe 3 Februari 1969, bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kama kifurushi lilimwua Mondlane jijini Dar es Salaam. Janet akabaki mjane mwenye watoto watatu. Kama angerudi kwao, nani angemlaumu? Hakurudi. Aliendelea na kazi ileile hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, kisha akaitumikia nchi hiyo katika ustawi wa jamii, Msalaba Mwekundu na mapambano dhidi ya UKIMWI.

Mumewe aliombolezwa na bara zima. Wale waliojifunza kusoma kwa sababu mkewe alitafuta fedha za madaftari nao ni sehemu ya uhuru ule.

Basi, kabla historia ya Usharika huu haijafungwa, waulizwe bibi waliosalia: nani alichota maji ya kujengea kanisa la kwanza? Nani aliwafundisha watoto chini ya mti? Majina yao yaandikwe wangali hai wanaoyakumbuka.