Neno "case"

Ndugu msikilizaji wa Mantapala, ukiitwa ofisini kwa ajili ya "your case", usikimbie miadi: hakuna aliyekushtaki. Hapo case ni dosye yako, pamoja na jamaa walioandikwa humo. Namba yake ichunge kama kadi yenyewe. Kliniki wakisema case tatu za kolera, wanahesabu wagonjwa watatu. Polisi Nchelenge, ndiyo kesi ileile tunayoijua, ya hakimu. Na dukani Kashikishi, case ya soda ni kreti tu!

Lakini "case closed" ni jambo zito: dosye imefungwa. Usijibu "yes" ukaondoka. Omba mkalimani, kisha uliza: imefungwa kwa nini, na nikitaka ifunguliwe tena nimwone nani?