Msitu Mmoja, Ofisi Nyingi: Nani Hulipia Ulinzi wa Mau?

Haya ni maneno ya afisa wa idara ya mazingira ya kaunti katika kikao cha wananchi kuhusu bajeti. Yamefupishwa kwa ajili ya jarida hili.



Katika vikao kama hiki huwa tunaulizwa: "Msitu unaisha, kaunti iko wapi?" Swali hili ni la haki. Leo nitalijibu kwa kueleza ardhi ni ya nani, kazi ni ya nani, na pesa zinatoka wapi.

Tuanze na ardhi. Msitu wa Mau Kusini Magharibi, ulio juu ya mashamba yetu ya majani chai, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema kwamba misitu ya serikali ni ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa ndiyo inayoishikilia kwa niaba ya wananchi. Msimamizi wake ni Huduma ya Misitu, ile tunayoiita KFS. Lakini ndovu wa msituni wako chini ya KWS. Kuchota maji ya mto kunahitaji kibali cha mamlaka ya maji, WRA. Ule ukanda wa chai kati ya msitu na vijiji ni wa shirika la Nyayo Tea Zones, lililoanzishwa mwaka 1986.

Sasa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linatupa kazi ya kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Kusambaza maji ni kazi yetu, na kuzima moto pia ni kazi yetu.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chukueni mfano wa moto. Ni Februari, nyasi zimekauka, moshi unaonekana ukingoni mwa msitu. Msitu ni wa KFS. Gari la zimamoto ni la kaunti. Njia ya kufika huko inapita kwenye chai ya shirika lingine. Wanaofika kwanza ni wanachama wa chama cha misitu cha jamii, wakiwa na mapanga na matawi mabichi, na hakuna bajeti iliyowawekea hata mafuta ya pikipiki. Kila ofisi ina sehemu ya jukumu, na kila ofisi inaweza kusema kwamba sehemu iliyokosekana ni ya mwenzake.

Gharama ya kusubiriana huko tunaijua. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 60,000 katika misitu ya Mau, na zaidi ya 20,000 kati ya hizo zilitoka Mau Kusini Magharibi. Wakati huo hapakuwa na serikali ya kaunti, lakini matokeo yake tunayo sisi. Timbilil, Itare na Kiptiget hutoka upande huo na kuungana katika maji ya Sondu, yanayoendesha mtambo wa umeme wa megawati 60 kule chini. Ndugu zetu wa Bomet wanategemea Nyangores, unaokwenda hadi Mara. Na chai yetu haina mfereji wa kunyweshea. Inategemea mvua na ubaridi wa milima hii.

Je, kaunti inaweza tu kuchukua pesa na kuzipeleka msituni? Hapana, si bila makubaliano. Pesa za umma zikitumika katika kazi ambayo sheria imempa mwingine, mkaguzi atauliza, na atakuwa na haki. Hata hivyo, Katiba haijatufunga mikono. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuipa nyingine kazi kwa makubaliano, na kinataka rasilimali za kufanyia kazi hiyo zifuate. Hapo ndipo penye uzito. Kazi ikiletwa bila pesa, tutakuwa tumeletewa lawama tu. Kwa hiyo msimamo wa idara ni kwamba makubaliano yoyote na KFS yaandikwe waziwazi: nani anatengeneza njia ya moto, nani analipia doria, na sehemu ya vyama vya jamii ni ipi.

Wakati huohuo, kuna ardhi ambayo hatuhitaji kumngoja mtu. Mito huharibika pia baada ya kutoka msituni. Kanuni zinataka ukingo wa mto uachwe kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wake, lakini tunaona blugamu zimepandwa hadi majini. Kanuni za kilimo zinamtaka kila mkulima aweke miti kwenye asilimia 10 ya shamba lake. Chemchemi, kingo za mito, vitalu vya miche na viwanja vya shule ni mahali ambapo shilingi ya kaunti inaweza kufanya kazi bila utata wowote. Katika mpango wa FLLoCA, kaunti hupata ruzuku ikiwa imetenga angalau asilimia 1.5 ya bajeti yake ya maendeleo kwa kazi za tabianchi, na miradi hupendekezwa na kamati za wadi. Kamati hizo ni zenu.

Nawaomba mambo mawili. Kwanza, mnapoleta pendekezo, andikeni ardhi hiyo ni ya nani. Pendekezo la "kulinda Mau" litazunguka ofisini. Pendekezo la kuzungushia ua chemchemi fulani, yenye mahali na mwenyewe, linaweza kuingia katika bajeti. Pili, fuateni tarehe. Mwelekeo wa matumizi hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Februari 28, makadirio kabla ya Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Anayekuja Julai anakuta sahani zimeoshwa.

Mkituuliza tena kaunti iko wapi, tuulizeni na hili: makubaliano yametiwa saini, na pesa zake ziko katika ukurasa gani wa bajeti? Mna haki ya kuonyeshwa ukurasa huo.